Lugha ya Mwisho na Maji ya Magotini

Kijiwe chetu ni mlango wa nyuma wa lori. Lori lenyewe liliangukia bondeni mwaka ule wa mvua nyingi, dereva akatoka mzima, akaapa hashiki tena usukani, sasa ni mchungaji huko Goroka. Mlango tukaupandisha juu ya mawe mawili hapa barabara inapokwisha, mkabala na uwanja wa ndege wa misheni ambao siku hizi ni nyasi tupu, na watu wakaanza kuukalia. Mimi ndiye mwenye moto na birika. Kahawa ni ya shambani kwangu, nakaanga mwenyewe, natwanga mwenyewe, kwa sababu wanaume wa Ofanuka wamelima kahawa tangu ujana wao na mpaka leo hawajui inaingiaje kikombeni. Wananiita Bubu. Huku kwetu Bubu ni bibi. Anayedhani ni mtu asiyesema, aje akae hapa nusu saa.

Jumatano hiyo ukungu ulikuwa haujapanda. Spana alishafika, yule anayetengeneza magari ya watu yakaenda mpaka kona ya kwanza. Pembeni yake Nusu Mchungaji, aliyesoma chuo cha Biblia mwaka mmoja akarudi nyumbani kwa homa, na homa hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Kila mmoja ana popoo ya kutafuna shavuni. Ndipo akatokea Redio, mbio, kiredio chake kimebanwa kwapani kama kuku wa kuibwa.

Redio: Imebaki moja! Jamani, imebaki moja tu!

Spana: Betri?

Redio: Lugha! Wameisoma asubuhi hii kwenye redio ya misheni, orodha ya wilaya nzima. Wote wameshapata Neno la Mungu kwa lugha yao. Sisi tulipata zamani. Bonde la juu wamepata. Hata wale wa kwenye kinamasi, familia kumi na moja na mbwa wao, wamepata! Imebaki lugha moja. Mnaijua?

Nusu: Usituzungushe, Redio.

Redio: Kiseweka!

Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya mto. Hata mimi nikasahau birika, likafurika likamwagikia moto.

Waseweka tunauona moshi wao kila asubuhi. Wakichinja nguruwe, upepo unatuletea habari. Lakini miaka thelathini hajavuka mtu, si wao kuja wala sisi kwenda, tangu vita vya mpaka wa mashamba. Alikufa mmoja wao na mmoja wetu, halafu daraja la kamba likakatwa pande zote mbili siku moja. Hilo tu ndilo tuliloelewana.

Nusu Mchungaji alisimama, popoo akaitema.

Nusu: Subirini kwanza. Bwana alisema mwisho utakuja lini? Si mpaka habari njema ihubiriwe kwa mataifa yote? Yote! Hakusema mataifa mengi. Hakusema mataifa yaliyo karibu na barabara.

Spana: Kwa hiyo?

Nusu: Kwa hiyo mbingu nzima imesimama, kaka! Malaika ana tarumbeta mdomoni, shavu limemvimba, anawasubiri wale pale!

Spana: Acha hizo. Hiyo orodha ni ya wilaya yetu tu. Dunia ina wilaya ngapi?

Redio: Wenzetu walimaliza zamani! Wewe kitu gani kilishafika kwetu kabla ya kufika kwa wengine? Barabara imeishia hapo ulipokaa. Umeme bado uko njiani tangu nikiwa tumboni. Sisi ndio wa mwisho duniani, Waseweka ndio wa mwisho kwetu. Hesabu imekwisha!

Mnaona akili hiyo. Lakini sitawadanganya, moyo wangu nao uliruka. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, nina watu wa kuwaona siku hiyo. Na Spana naye aliacha kutafuna.

Spana: Yaani baba nitamwona?

Nusu: Utamwona wa kwanza. Waliolala wanatangulia.

Spana: Nilikuwa na miaka minne. Atanijua?

Redio: Kwa masikio hayo? Atakujua akiwa bado mawinguni.

Tukacheka, na yeye akacheka huku akifuta macho kwa mkono wenye grisi. Baba yake ndiye yule mmoja wetu aliyekufa vitani.

Spana: Sasa Bwana mwenyewe atatua wapi?

Nusu: Hatui. Anakuja na mawingu.

Spana: Mawingu tunayo, hapo hatuna wasiwasi. Lakini mguu lazima ukanyage mahali. Hapa kila pahali ni mteremko. Patambarare ni mahali pamoja tu.

Wote watatu wakageuka kuutazama uwanja wa ndege.

Redio: Mungu wangu, nyasi!

Spana: Zinamfika mtu kifuani. Na kule mwisho nguruwe wamefukua shimo. Aibu gani hii.

Redio: Leo hii tunakata. Wanaume panga, wanawake wanabeba.

—Wanawake gani? nikamuuliza. Tangu misheni iondoke, mnaukodolea macho tu uwanja huo. Akija nyasi zikiwa ndefu, na azione. Ajue aliwaacha na nani.

Nusu: Bubu, nyasi si hoja. Sikilizeni nililoliona mimi. Kama ni lazima neno la mwisho lisomwe kwa lugha ya mwisho, basi atakayelisoma ndiye aliyeshika saa. Mmenielewa? Siku tunaichagua sisi!

Redio: Ee!

Spana: Basi naomba iwe msimu wa kuchuma kahawa.

Redio: Kahawa ya nini mbinguni, we mtu?

Spana: Nimepalilia miti mia nane peke yangu mwaka huu. Nataka baba aione ikiwa imeiva.

Redio: Jumapili ijayo! Saa nne asubuhi. Ukungu unakuwa umepanda, kila mtu anaona vizuri.

—Basi mwambieni aje na kikombe chake, nikasema. Mimi ninavyo vinne.

Nusu: Bubu, usimtanie Bwana.

—Simtanii Bwana, nawatania ninyi. Yeye hajasema Jumapili saa nne.

Wapi! Walikuwa wameshapaa. Redio akasema ana kipaza sauti cha sokoni, atasimama mwambani awahubirie Waseweka kutoka upande huu, kazi iishe bila mtu kulowa. Spana akauliza kwa lugha gani. Redio akasema kwa yetu, lakini kwa nguvu. Nusu akasema haifai, lazima iwe yao, ila Roho atatupa Kiseweka papo hapo, midomo itajisemea yenyewe.

Spana: Mwaka juzi ulisema Roho atakupa Kiingereza pale mahakamani. Si ulijibu ndiyo kila swali, ukafagia kituo cha polisi mwezi mzima?

Nusu: Ile imani yangu ilikuwa ndogo.

Spana: Na uongo ulikuwa mkubwa. Haya, hapa kuna nani anayejua hata neno moja la Kiseweka?

Wakatazamana. Mimi nikachochea moto. 

Ndipo akapanda binti mmoja. Alitokea njia ya mtoni, njia ambayo hapiti mtu, ana buti za mpira na mfuko wa kamba umening'inia mgongoni, mkanda wake kichwani, ndani yake daftari zimefungwa kwa nailoni. Nguo zake zilikuwa kavu mpaka magotini. Kuanzia hapo kwenda chini zilikuwa zinadondosha maji.

—Shikamooni, wazee wangu. Shikamoo, Bubu. Naitwa Rauke. Ni wa kundi la watafsiri, nakaa Seweka, huu ni mwezi wangu wa nne.

Redio: Karibu, binti! Tunawazungumza ninyi hapa! Umetembea siku mbili kuzunguka bonde, pole sana. Bubu, mpe kahawa.

Rauke: Kuzunguka? Nimevuka hapo chini.

Redio: Umevukaje? Daraja hakuna!

Rauke: Ni kiangazi, mjomba. Maji yako hapa.

Akaonyesha magoti yake.  Akapiga funda la kahawa, akawatazama mmoja mmoja, bila ubaya wowote, kama mtoto anayeuliza jua linalala wapi:

—Kwa nini ninyi hamvuki?

Nusu akakohoa. Spana akachunguza ukucha. Redio akawasha kiredio, kikalia kwikwi kikazima. Miaka thelathini wanaume hawa wanausimulia mto ule kama bahari, na binti wa watu anaukanyaga kwa buti za mpira.

Nusu: Tuambie kwanza, Kitabu kimefika wapi?

Rauke: Kimekwisha, mzee. Imebaki sentensi moja, pale Bwana anaposema atakuja tena. Na ndani ya sentensi hiyo imebaki neno moja.

Redio: Neno moja! Mmesikia? Neno moja!

Nusu: Lipi?

Rauke: Hilo la kuja. Kiseweka hakina kuja hivi hivi. Mtu akija kutoka juu mlimani, ni neno moja. Akija kutoka bondeni, jingine. Akija kwa njia ya ubavuni, isiyopanda wala kushuka, ni la tatu.

Nusu: Sasa hapo tatizo nini? La mlimani! Si anashuka?

Rauke: Ndilo tuliloweka. Tukamsomea bibi mmoja, mkongwe kuliko wote kule, macho yameshamwisha. Akasema hapana. Akasema hilo ni la mvua na la mkaguzi wa kahawa. Kama huyu mtu alikwenda kuandaa nyumba, na anarudi kuchukua watu wake, si mgeni huyo. Akasema lipo neno la nne, la mtu anayerudi kwake, kwenye moto wake mwenyewe.

Spana: Basi si awape.

Rauke: Amekataa kulitamka.

Redio: Amekataa! Bibi mmoja anamzuia Bwana!

Rauke: Anasema alilimaliza. Lilikuwa neno la wanawake, mama anamwita nalo binti yake aliyeolewa mbali, na binti anajibu kwa neno lilelile. Baada ya vita alisimama mwambani jioni baada ya jioni, akiita upande huu. Hakujibiwa. Akaapa hatalitia tena mdomoni mpaka aliyeitwa alitamke kwanza. Wanawake wengine waliolijua wameshakufa. Ndiyo maana nimekuja kuwauliza, wazee wangu: hapa Ofanuka kuna mtu wa Seweka?

Redio: Hapa? Hakuna hata mmoja.

Spana: Hatuoi kule sisi. Heri nioe gari.

 Nusu Mchungaji alikuwa ameinamia kikombe chake kama kuna kitu kimeangukia humo. Yeye ndiye mkubwa wao, alikuwa kijana wa kuota ndevu wakati ule. Mimi nilikuwa namwongezea Spana kahawa, nikaendelea kuongeza.

Spana: Bubu! Unaniunguza!

—Bibi huyo, nikamuuliza Rauke, bado anakutemea popoo miguuni kabla hajakuambia hapana?

Rauke: Kila mara! Umejuaje?

—Ni mama yangu.

Kuku walikuwa wanaparua chini ya benchi, nikawasikia mmoja mmoja. Halafu Redio akalipuka.

Redio: Bubu! Miaka yote hii unatupikia kahawa, kumbe wewe ni Mseweka!

—Ulidhani niliota kwenye birika?

Redio: Tuliambiwa umetoka bonde la juu!

—Waliowaambia ni ukoo wa mume wangu. Muulize huyo mchungaji wenu, nusu yake inajua.

Nusu: Najua, akasema kwa sauti ndogo. Nisamehe, Bubu.

Spana alikuwa amesimama. Kahawa inamdondoka vidoleni, wala haifuti.

Spana: Watu wako ndio waliomuua baba yangu.

—Ndiyo. Na baba yako ndiye aliyemuua Atoi, kaka yangu, tumbo moja, alipokuwa ananiletea viazi vitamu. Kaa chini. Nimekukaangia kahawa tangu uanze kutafuna popoo, na siku zote nilijua wewe ni mtoto wa nani. Wewe ndiye hukujua mimi ni mtoto wa nani.

Hakukaa, lakini hakuondoka.

Rauke: Kwa nini hukumjibu, Bubu?

Huyu naye na maswali yake. Lakini alikuwa ameloa kwa ajili yangu, nikamjibu.

—Wakwe zangu waliniambia nikifungua mdomo kwa lugha ile, nitafute pa kulala. Nilikuwa na watoto watatu. Mama akianza kuita, naingia ndani natwanga kahawa kwa nguvu ili nisisikie. Mnaisifu kahawa yangu kuwa laini, si ndiyo? Ulaini wake ndio huo. Halafu mume wangu akafa, miaka kumi na moja sasa. Hiyo kumi na moja sina wa kumsingizia. Nilikuwa naona haya, basi.

Redio hakuwa na muda wa mambo ya haya. Alikuwa anarukaruka.

Redio: Bubu, litamke! Litamke sasa hivi! Miaka thelathini tunatazama mbinguni, kumbe ufunguo uko nyuma ya birika! Nikakimbilie kipaza sauti?

Nusu: Ngoja! Ngojeni kwanza! Bubu, ukilitamka, Kitabu kimekwisha. Na Kitabu kikiisha...

Tukatazama juu wote. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, kipande cha anga kimetokea juu ya mlima wa Seweka, cheupe kabisa.

Spana: Nyasi hatujakata.

Nusu: Mimi sijajiandaa, jamani! Ile homa haikuwapo! Sikuumwa hata siku moja. Nilimkumbuka mke wangu, nikatoroka!

Redio: Sisi wote tunajua.

Nusu: Mnajua?

—Mpaka mbwa wa kinamasini wanajua, nikamwambia. Funga mdomo. Mkeo nasikia alifurahi.

Rauke alikuwa ameshafungua daftari, kalamu mkononi, macho yanang'aa. Akaniomba kwa adabu nimtajie taratibu aandike.

—Mjukuu wangu, halitajwi kwa daftari. Na halisemwi ukiwa umekaa. Ukilitamka umekaa, umemdanganya anayekungoja. Linaitwa ukiwa umeshaanza kwenda.

Nikasimama. Magoti yakalia, nikayaacha yalie. Nikachukua mfuko wangu wa kamba, nikatia kopo la kahawa iliyotwangwa, nikatia viazi vitamu kutoka kwenye jivu, maana mtu haendi kwao mikono mitupu. Spana akaninyooshea kikombe. 

—Bubu, nimalizie.

—Kahawa imekwisha.

—Imo. Naisikia ikichemka.

Nikaibinua yote motoni. Moshi ukapanda, kuku wakakimbia.

—Sasa imekwisha.

Nikashika njia ya mtoni, Rauke mbele yangu akikata vichaka kwa fimbo. Nyuma nikasikia miguu. Ni Spana. Akaniondolea mfuko kichwani, akautundika begani kwake mpaka majini. Hapo akasimama, akanirudishia.

—Mimi mwisho wangu hapa, Bubu.

—Nani amekuomba uvuke?

—Yule mama yako. Mwambie...  Mwambie kahawa ni ya shambani kwako ila miti nilikupogolea mimi.

—Nitamwambia. Atatema.

Nikaingia. Maji ya baridi ya kukata mfupa, na kweli, magotini. Huko juu kijiweni Nusu Mchungaji alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kufungia ibada. Redio alikuwa anawapigia watu kelele walete mapanga, wawahi uwanja. Nilipofika katikati ya mto, Spana akaniita.

—Bubu! Na wewe utarudi lini?

Wimbo ukakatika. Watu waliokwisha kumpangia Bwana siku, saa na mahali pa kutua, wakanisubiri nijibu.  

Nikaelekeza uso ukingo wa pili, nikaweka viganja mdomoni, nikaliita lile neno la nne.

—Navoyeee!

Sauti ilitoka mbovu, kama mashine ya kukobolea iliyokaa bila oili. Hata kuku wa Seweka wasingeifuata. Nikapiga hatua mbili mbele, nikaita tena.

Juu kule ng'ambo mbwa wakaanza kubweka. Halafu mtu mmoja, sauti ya kikongwe, akawanyamazisha asikie.